Nchi Nzima ya Wakwe

Mkwe wangu nilimjua kwa mgongo. Uso wake nilikuwa nauona kwa kuibia tu, tena nusu, lakini ule mgongo ningeutambua hata sokoni siku ya soko. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko Kanduyi, Bungoma, kando ya barabara, na shati la kitenge alilovaa siku ya kumwoa binti yangu nililishona bila kumpima. Nilichungulia dirishani alipokuwa akitoka nyumbani kwangu, nikayakadiria mabega kwa jicho, nikakata kitambaa. Lilimkaa vizuri hata watu wakaniuliza nilimpima lini.

Sisi Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani machoni. Akija nyumbani, mimi napitia nyuma ya jikoni. Akinisikia nakohoa, anageuka. Si chuki. Ni heshima, na heshima si utumwa. Wengi siku hizi wameilegeza, na wako wachungaji wanaoipigia kelele kila Jumapili, lakini mimi nililelewa hivyo na mkwe wangu Wepukhulu alilelewa hivyo, tukapatana vizuri kabisa bila kusemezana. Kati yetu alikuwepo binti yangu, Nekesa.

"Mama, Wepukhulu anasema asante kwa kuku."

"Mwambie amekonda. Ale."

Hata simu akipiga yeye, aliyeongea ni Nekesa. Nilikuwa namsikia yule kijana kwa mbali akimnong'oneza mke wake maneno ya kuniambia, na mtoto wangu akiyabadilisha anavyotaka, akicheka.

Kisha Nekesa akafa. Ilikuwa homa ya mapafu, hospitalini Kitale, na haikuchukua hata wiki. Nilipigiwa simu nikiwa na sare za watoto wa shule kwenye mashine. Nilifika nikakuta kitanda kimekwisha kutandikwa. Aliyekuwa naye mpaka mwisho ni Wepukhulu peke yake, na Wepukhulu ndiye mtu mmoja duniani ambaye nisingeweza kumwuliza. Kaburini alisimama upande ule, mimi upande huu, na katikati yetu ukoo mzima. Nilitaka kujua mambo madogo tu: kama alisikia baridi, kama aliogopa, kama alinitaja. Dada za Wepukhulu waliniletea jibu moja, kwamba alilala kwa amani. Maneno hayo huambiwa kila mfiwa, na mimi mwenyewe nimewaambia wengi bila kujua lolote.

Habari za safari ya Kambodia zilianza na Nekesa mwenyewe, alipokuwa hai. Kanisa lao la Tuwan, pale Kitale, lilikuwa na urafiki na kanisa dogo la kijijini huko. Walihitaji watu wa kuwafundisha wasichana ushonaji, na wa kuwajengea matangi ya maji ya mvua, huku Neno likihubiriwa jioni. Nekesa aliliandikisha jina langu bila kuniuliza. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa Eldoret! "Mama, wewe utafundisha cherehani, mimi nitafundisha watoto nyimbo," aliniambia. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, na nikamwahidi. Mwaka mmoja baada ya kumzika, kiongozi wa safari akanipigia kuuliza kama bado nitakwenda. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Sikujua kwamba Wepukhulu, ambaye kazi yake ni kujenga matangi, naye alikuwa amemwahidi mke wake vilevile, na naye alikuwa amesema ndiyo.

Basi siku ya kwanza ya maandalizi niliingia kanisani, nikauona ule mgongo kwenye benchi la mbele. Nikakohoa. Si kwa kutaka, ni mazoea. Aligeuza shingo kidogo, akaliona rinda langu, akaruka dirishani. Mtu mzima, fundi anayeheshimika Kitale nzima, mguu mmoja ndani, mguu mwingine kwenye maua ya mchungaji.

"We! Si mlango uko wazi?" akapaza sauti kiongozi wetu.

"Mwache," nikasema. "Ni mkwe wangu."

"Kwani mmekosana?"

"Hatujakosana. Tunaheshimiana."

Kiongozi huyo aliitwa Jelimo, mwanamke wa Kapsokwony, mrefu, asiye na mzaha na kazi, aliyewahi kuishi Kambodia miaka miwili. Aliniangalia, akaliangalia dirisha. "Hata kwetu mlimani tunaheshimu wakwe, mama," akasema. "Lakini mambo ya dirisha bado hatujafika."

Wa nne wetu alikuwa Chelagat, nesi kijana, na maskini huyo ndiye tuliyemgeuza daraja. Kila Jumamosi nilitoka Bungoma alfajiri, nikaketi mwisho kabisa wa chumba, na Wepukhulu akaketi mwisho wa pili. "Chelagat, mwambie huyo mtu apitishe maji." "Chelagat, uliza mama kama amepata ile chanjo." Tulijifunza kula wali asubuhi, mchana na jioni, na mimi nikaona wazi kwamba Mungu ananijaribu. Tulijifunza kuvua viatu mlangoni, kukaa miguu ikiwa imekunjwa upande, kutogusa kichwa cha mtoto wa mtu. Jelimo alipopanga mabenchi kama viti vya ndege ili tuzoee, Wepukhulu alisafiri mpaka Kambodia akiwa amesimama karibu na mlango.

Jelimo alivumilia hivyo karibu mwezi mzima. Kisha Jumamosi moja akafunga Biblia yake.

"Huko tutaishi nyumba moja," alisema. "Tutakula meza moja. Mama akianguka, nani atamwinua? Chelagat akiugua, mtaongea na mdomo wa nani? Siwezi kubeba watu wawili hawaongeleshani. Mmoja wenu abaki. Jumamosi ijayo mniambie ni nani."

Nitasema ukweli: sikuwa na nia ya kubaki. Wiki ile yote nilishona vibaya. Nilifumua, nikashona tena, nikamwambia Mungu bila kumficha kwamba kijana huyu bado ana miaka mbele, ataoa, atamwahidi mwingine mambo mengine. Mimi Nekesa nilikuwa na mmoja. Kisha ikanijia, nikiwa nakata uzi kwa meno, kwamba yeyote atakayekwenda, sisi wawili ndio tutakuwa tumekwisha. Hapakuwa na mjukuu wa kutuunganisha. Tusingekuwa na sababu ya kuwa chumba kimoja tena, na ile siku ya hospitali ingebaki kwake milele. Niliogopa hilo kuliko kuikosa safari yenyewe.

Jumamosi ilipofika, Chelagat hakuja. Alikuwa ameshikwa kazini. Nilitaka kugeuka nirudi Bungoma, lakini Jelimo alikuwa amekwisha kuziba njia.

"Kabla ya hayo majibu yenu, tumalize somo," akasema. "Leo ni salamu."

Akatueleza kwamba Kambodia, kwa desturi yao, hawashikani mikono. Hawakumbatiani. Unasimama mbali kidogo na mwenzako, unaweka viganja pamoja kama mtu anayeomba, unainamisha kichwa, basi. Heshima yako iko kwenye mikono: kadiri unavyoiinua ndivyo unavyomtukuza mtu. Wa rika lako, kifuani. Aliyekuzidi umri, mdomoni. Mzazi, puani.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na upande wa pili wa chumba nikausikia ule mgongo nao ukicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Kumbe iko nchi nzima ya wakwe! Watu wote hao, na mfalme wao, na hakuna hata mmoja anayeruka dirishani.

"Haya," akasema Jelimo. "Simameni. Mama hapo, Wepukhulu pale. Geukeni."

Mimi niligeuka. Yeye alichelewa. Aliangalia sakafu, akapangusa viganja kwenye suruali, kisha akanigeukia na kunitazama.

Alikuwa amezeeka. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na likaniuma. Yule niliyekuwa nikimwibia macho siku ya harusi alikuwa na mashavu. Huyu alikuwa na mvi ndevuni na macho ya mtu asiyelala. Hakuna aliyekuwa akimwambia ale. Akaunganisha viganja kifuani. Akavipandisha, vikapita kidevu, vikapita mdomo, vikasimama puani, akainama.

Nikamrudishia. Sijui mikono yangu ilifika wapi.

"Mama, hiyo iko juu sana," Jelimo akanisahihisha. "Wewe ni mzazi, unashusha."

"Niache," nikamwambia.

Akaniacha. Nadhani alikwenda nje, kwa sababu nilisikia mlango.

"Mayi," akasema Wepukhulu. Ni neno letu la mama, na kabla ya hapo hakuwahi kuniita. "Niko na salamu zako. Nimekaa nazo tangu ile siku. Nekesa alisema, 'Usisahau kunisalimia mama.' Sasa ningetuma nani? Salamu kama hiyo haiwezi peanwa na mtu mwingine."

Nililia. Sikujificha, na yeye hakugeuka.

"Alisikia baridi?" nikauliza.

"Hapana. Nilimfunika na koti yangu."

"Alikula?"

"Uji, kidogo tu. Ati haina ndimu."

"Uji bila ndimu hakuwahi kunywa," nikasema. "Tangu mtoto."

"Najua, mayi. Nilitoka nikatafuta. Nikapata moja."

Swali lililobaki nilikuwa nimelibeba zaidi ya mwaka, na sasa nilitamani kuliacha. "Aliogopa?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kule, kwa kutonirukia na lile jibu la amani.

"Aliogopa kidogo," akasema. "Lakini nilikuwa nimemshika mkono. Sikuachilia."

Jua lilikuwa likiingia kwa yale madirisha ya Tuwan, na nje watoto wa kwaya walikuwa wakigombana juu ya ngoma. Nikapangusa uso kwa leso.

"Salamu zimefika," nikamwambia.

Jelimo aliporudi alitukuta tumesimama palepale alipotuacha, tunaongea. Alisubiri kidogo, kisha akakohoa.

"Haya. Nani anabaki?"

Wepukhulu aliniangalia, akingoja mimi niseme.

"Habaki mtu," nikamjibu Jelimo. "Lakini kwa ndege, Chelagat akae katikati."