Kiatu cha Kushoto, Pedeli ya Kulia

Ukiipindua baiskeli magurudumu juu, upande wa kulia unahamia kushoto. Koplo alilijua hilo kama anavyojua jina lake, ila asubuhi ile akili yake ilikuwa kwingine. Aliipindua baiskeli ili apake mnyororo mafuta, kisha akaona aokoe muda, akavinasisha viatu kwenye pedeli hivyo hivyo, magurudumu yakiwa juu. Viatu vya baiskeli za mashindano vina chuma kwenye soli kinachong'ata pedeli; mtu hutoka majini mbio, hurukia baiskeli, akachomeka miguu akiwa njiani. Alipomaliza aliigeuza baiskeli, akaitundika kwenye chuma cha kutundikia, akaenda zake bwawani.

Kikosi cha zimamoto kilikuwa na nafasi moja ya mkufunzi, kazi ya mchana, saa mbili mpaka saa kumi. Koplo na Tingatinga, dereva wa gari la maji, walikuwa wamefungana kwenye mtihani wa karatasi. Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi. "Kuna mbio za kikosi Jumamosi. Kuogelea, baiskeli, kukimbia. Atakayemtangulia mwenzake, kazi yake."

Tingatinga alitaka cheo. Koplo alikuwa mama; alimtaka mwanawe. Zamu za usiku zilikuwa zinamlaza binti yake wa miaka minne kwa bibi yake siku tano kati ya saba, na mama mkwe alishasema bila kupepesa macho: "Mwaka ukiisha bila kazi ya mchana, mjukuu wangu anahamia kwangu moja kwa moja. Mtoto halelewi kwa simu, mwanangu." Leo alikuwa amesimama kwenye uzio, mtoto kiunoni, mdomo ameubana.

Filimbi ikalia. Kabla ya mita hamsini kisigino cha Tingatinga kilitua kwenye taya la Koplo, na haikuwa bahati mbaya. Koplo alimeza maji, akamkamata kifundo cha mguu, akamvuta chini kama anavuta mpira wa kuzimia moto, akampita juu ya mgongo. Alitoka bwawani wa kwanza. Akavaa helmeti, akafunga kamba, akakimbia na baiskeli mpaka kwenye mstari, akaruka.

Mguu haukuingia.

Akausukuma. Kidole gumba kiligonga ukingo mgumu wa kiatu, ukucha ukainuka. Akaangalia chini. Kiatu cha kushoto kilikuwa kwenye pedeli ya kulia, na cha kulia kwenye ya kushoto, vimekaa vizuri kabisa, kamba zimefungwa kwa upendo. Baiskeli ikayumba kama mlevi. Watu wote wa uzioni wakaangua kicheko.

"Koplo!" Tingatinga alikuwa anakuja kasi nyuma yake. "Leo umekuja na miguu ya nani?"

Hakumkwepa. Alimpiga bega, akapita. Koplo akaanguka kifudifudi, kidevu kikapasuka kwenye lami.

"Inuka, dada, utapigwa picha!" mtu akapiga kelele.

Akainuka. Alivisokota vile viatu mpaka vikaachia, akaketi barabarani damu ikimtiririka shingoni, akavaa kimoja kimoja. Dakika mbili nzima zikapotea. Hakulia. Mwenye mtoto na zamu za usiku hujifunza kuahirisha kilio mpaka nafasi ipatikane.

Mizunguko ilikuwa minne. Kwenye wa tatu alimfikia, kwenye kona ya karakana za magari, pasipo na mwamuzi.

"Rudi jikoni," Tingatinga alisema, akamtia kiwiko cha mdomo.

Jino lilitoka. Koplo alilisikia likigonga usukani. Akatema damu, akanyoosha mkono, akaikamata fulana ya Tingatinga shingoni na kuivuta kwa uzito wake wote. Wakaenda chini pamoja, vyuma juu ya nyama. Miguu ya Tingatinga ilikuwa bado imenaswa kwenye pedeli. Baiskeli ikamfuata mpaka chini, gurudumu la meno la mnyororo likamchana paja. Koplo alimwangukia mbavuni, akampigilia ngumi mbili puani na ya tatu penye sikio.

"Hiyo ya bwawani," alisema akihema. "Hiyo ya kidevu. Hiyo ya jino."

"Mwendawazimu wewe!"

"Nimechelewa kuanza."

Waliinuka, wakamaliza mizunguko, wakaingia eneo la kuachia baiskeli wakiwa bega kwa bega, baiskeli zote mbili zikipiga kelele kama mabati. Tingatinga akaisukuma safu nzima ya baiskeli imwangukie Koplo. Koplo akavua kiatu na kumkung'uta nacho kichwani, upande wa chuma. Filimbi ya mwamuzi, mzee mwembamba aliyekuwa ameona mengi ila si haya, ikapasua masikio.

"Nyie ni wazima moto au mbwa? Sekunde thelathini, wote wawili, simameni hapo!"

Wakasimama kama watoto wa shule walioadhibiwa, wakidondosha damu kwenye chaki ya mstari.

"Unanuka klorini," Tingatinga akasema.

"Na wewe pua imehama."

"Kimya!" mwamuzi akafoka, macho kwenye saa.

Akawaachia. Kilomita tano. Koplo alikimbia kwa viatu vya mpira, ukucha ukichoma kila hatua. Mara Tingatinga mbele, mara yeye. Zilipobaki mita mia, mbele ya umati wote, Koplo akaanza kumwacha. Tingatinga akatoa sauti ya ng'ombe, akainua ngumi, akamshushia utosini kwa nguvu zake zote.

Kikasikika kitu kikivunjika. Ni vidole vya Tingatinga. Koplo alikuwa bado amevaa helmeti ya baiskeli. Kilomita tano nzima amekimbia nayo na hakuna aliyemwambia, maana wote walidhani ni makusudi. Tingatinga akapiga magoti akiukumbatia mkono. Mwamuzi akamwonyesha kadi nyekundu. Koplo akavuka mstari akipepesuka.

"Kazi ni yako," mkuu wa kituo akamwambia, akisimama mbali kidogo asichafue sare. "Jumatatu, saa mbili kamili. Na hospitali kwanza, tafadhali."

Koplo hakwenda hospitali. Alikwenda uzioni, mikono ameitanua.

Mtoto akapiga ukelele na kuuficha uso kwenye shingo ya bibi yake. "Simtaki! Simtaki huyo!"

Hilo liliuma kuliko jino. Koplo akabaki mikono hewani, hajui aishushe wapi.

"Ni mimi, mama yako."

"Siyo!"

Mama mkwe akamtazama kutoka helmeti mpaka viatu. Akafungua chupa ya maji, akaenda akaifungua kamba ya helmeti mwenyewe, akamwagia maji usoni bila kumpapasa, kama anayeosha sufuria. Kidevu kikawaka moto.

"Tulia. Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Nilikuona na kile kiatu." Akafuta damu ya mdomoni kwa ncha ya kanga yake. "Sijawahi kuona aibu kama ile. Jumatatu utatoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi na nusu njoo umchukue. Leo atalala kwangu. Usimlazimishe."

Mtoto akageuza jicho moja.

"Jino lako liko wapi?" akauliza.

"Barabarani."

Akafikiri kidogo, bado ameishika shingo ya bibi. "Twende tukalitafute?"