Marehemu Hoyt Hana Bangili ya Sungura

Marehemu Hoyt Tidwell aliingia Ufalme wa Kobe, bustani ya michezo huko Florida, akiwa ndani ya kopo la karanga, na katika familia nzima ni yeye peke yake ambaye hakutozwa kiingilio. Askari wa langoni alipekua mkoba wa mjane wake, akaligonga kopo kwa kalamu, akauliza lina nini.

"Limeandikwa hapo, afande," Corliss, mjukuu wa marehemu, akamjibu.

"Karanga za chumvi," askari akasoma, akalirudisha mkobani.

Corliss akainamisha kichwa kwa majonzi ya mtu aliyefiwa na karanga. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko likizo kutoka shule ya bweni huko Tennessee, ambako wazazi walilipa ada nono ili afundishwe Kilatini, adabu za mezani, na, bila wao kujua, ufundi wa kudanganya kwa kusema kweli tupu.

Siku hiyo, lakini, hakuwa amekuja kucheza. Babu Hoyt, kabla ya kukata roho, alikuwa amemshika mkewe mkono akamwomba jambo moja: majivu yake yamwagwe katika Mto wa Mapango, mto wa kutengeneza wa bustani hiyo, pale kwenye kona ya ndege korongo wa mawe. Ndipo alipomvisha Bibi Verlene pete, gizani, ndani ya boti inayokwenda polepole, wakati ambapo bustani hiyo ilikuwa na michezo minne na choo kimoja. Bibi aliahidi. Na sasa wenye bustani walikuwa wametangaza kwamba Mto wa Mapango utafungwa jioni ya siku hiyo, ubomolewe, pajengwe kitu cha kwenda kasi na kupindua watu vichwa chini. Kwa hiyo ni leo au basi.

Mambo yaliharibikia kwa Mjomba Lamar, mtoto wa kwanza wa Bibi, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuamini simu. Ili kupanda mchezo wowote katika Ufalme wa Kobe bila kuota mizizi, ilibidi uweke nafasi kwa simu asubuhi ya siku hiyohiyo, saa moja kamili, na nafasi huisha kabla hujapiga chafya. Mjomba alilijua hilo. Aliamka, akanawa uso, akaketi kwenye kitanda cha hoteli na kidole kimenyooka kama mpiga shabaha. Saa moja ilipogonga akabonyeza. Nafasi zilikuwa zimekwisha tangu saa nzima iliyopita.

Alabama iko nyuma ya Florida kwa saa moja, jambo ambalo watu wa Florida hulisema wakicheka na watu wa Alabama hulikanusha. Simu ya Mjomba ilikuwa imeomba ruhusa ya kubadilisha majira walipovuka mpaka. Mjomba aliikatalia. Alisema hawezi kupangiwa saa na watu wanaopanda michungwa.

"Kwa hiyo uliamka mapema ukachelewa," Corliss alimwambia wakati wa kifungua kinywa. "Si kila mtu anaweza hilo, Mjomba."

"Kula uji wako wa mahindi, we mtoto."

Basi ikabaki foleni ya makabwela. Kando yake, imetengwa kwa kamba nyekundu tu, ilipita Njia ya Sungura. Ukilipia, unavishwa bangili yenye masikio mawili, unapita ukitazama mbele kama bwana harusi. Ukilipia zaidi, unavishwa ya dhahabu, na hapo hata wale sungura wa kawaida wanakupisha. Bei haikuwa na makazi. Ilipanda kadiri foleni ilivyorefuka, kama homa ya mtoto, na kila baada ya hatua chache palikuwa na kioo cha umeme kinachoionyesha, ili usisahau ni kiasi gani hunacho.

Katika hadithi wanayosimuliwa watoto, kobe ndiye hushinda. Katika ufalme wake mwenyewe, sungura alikuwa amenunua uwanja.

"Mama, acha nilipe tu," Mjomba Lamar akasema. Jua lilikuwa limempika shingo ikawa nyekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Hulipi."

"Ni mara moja. Ni kwa ajili ya Baba."

"Baba yako hajampita mtu kwenye foleni hata siku moja," Bibi Verlene akasema. "Siku anang'olewa jino, shavu limevimba kama tikiti, alimpisha mama mwenye mtoto. Leo nimpeleke kaburini kwa mlango wa wenye pesa? Atanitokea ndotoni."

"Akikutokea mwambie niliomba."

"Nitamwambia ulikatalia simu isibadilishe saa."

Wakasimama. Foleni ilisogea unyayo mmoja, ikatulia, ikatafakari. Kila ilipoonyesha dalili ya uhai, mtumishi wa mbele aliinua kiganja, na kundi la sungura likapita, likinukia mafuta ya jua na limeshiba. Vyuma vya kushikilia vilikuwa vimepambwa kwa ubani uliotafunwa na vizazi vitatu. Juu ya vichwa vyao mafeni yalirusha ukungu wa maji wenye harufu ya taulo iliyosahauliwa ndani ya buti la gari. Sakafu ilikuwa na soda iliyomwagika, na kila ukiinua mguu kiatu kilisita, kama kinauliza una hakika.

Mbele yao alikuwepo bwana mmoja wa Georgia, Bwana Purvis, na mwanawe mdogo, wote wawili wamevaa kofia za gamba la kobe. Mtoto akaanza kukunja magoti.

"Baba, mkojo."

"Tukitoka hapa tunarudi mwisho, mwanangu. Jikaze."

"Nimejikaza tangu kule."

Bwana Purvis akatazama kushoto na kulia. Kisha akachukua kikombe cha ukumbusho cha Mfalme Kobe, kilichomgharimu kama chakula cha mchana, akamalizia soda iliyomo kwa mafunda mawili, akageuka ukutani pamoja na mwanawe. Waliporudi, kikombe kilikuwa kimejaa na kimefunikwa. Akakishika kwa vidole viwili, mkono umenyooka, uso wa kasisi.

"Angalau kina mfuniko," Bibi Verlene akasema, akageuza uso. Midomo yake ilikuwa imebana mpaka imepotea. "Watu wazima. Wamelipa kiingilio, wakalipia kuegesha gari, wakalipia maji, na wanakojoa kwenye vikombe kama wafungwa. Hoyt angeona haya kwa niaba yao."

Jua lilipoanza kulala, msichana mwenye sare ya kijani alikuja akivuta mnyororo mwepesi wa plastiki. Akahesabu watu kwa macho, akaufunga mbele kidogo ya Bwana Purvis.

"Kuanzia hapa kwenda nyuma hamtapanda leo," akasema, na tabasamu lake halikusogea. "Poleni sana, familia."

"Binti, leo ndiyo mwisho," Bibi akasema. "Kesho mnabomoa."

"Ndiyo, mama. Ila wenye Sungura bado ni wengi. Mkinunua Sungura sasa hivi mnaingia."

"Kwa hiyo nafasi ipo."

"Ya Sungura ipo, mama. Ya kawaida ndiyo imekwisha."

Hapakuwa na aliyepiga kelele. Watu walikuwa wamechoka hata hasira. Mjomba Lamar akatoa simu, kidole kikanyooka tena, safari hii kwa majira sahihi. Bibi hakumkataza. Aliweka kiganja juu ya mkoba, pale kopo lilipo, akatazama chini, na Corliss akaona kidevu cha bibi yake kikitetemeka. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amekiona kidevu kile kikikemea mbwa, wachungaji na wauza bima. Kutetemeka hakikuwahi.

Kilichompanda Corliss hakikuwa huzuni. Kilikuwa kinyaa kitupu.

"Mjomba, vua kofia," akasema.

"Nipo katikati ya kulipa."

"Usilipe. Vua kofia, washa tochi ya simu, uishike mbele kifuani. Bibi, nipe Babu."

"Unataka kufanya nini, Corliss?"

"Tumekuja mazishini, Bibi. Twende mazishini."

Akalitoa kopo, akalishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Akawasha tochi ya simu yake akaibana kwa vidole chini ya kopo, mwanga ukaelekea mbele. Kisha akaanza kutembea, hatua ya pole, kisigino halafu kidole, kama walivyotembezwa shuleni siku mwalimu mkuu alipozikwa. Nyuma yake Bibi, amejifunga skafu nyeusi kichwani. Nyuma ya Bibi, Mjomba Lamar, kipara wazi, taa kifuani, anatokwa jasho kama mfiwa halali.

Watu wa kusini mwa Marekani wana desturi ambayo hakuna anayefundishwa, kama vile hakuna anayefundishwa kupumua. Msafara wa mazishi ukipita, taa za magari zinawaka mchana kweupe, unasogeza gari lako pembeni. Hata kama unakimbilia hospitali. Hata kama marehemu alikuwa adui yako. Unasimama, unavua kofia, unangoja mpaka wa mwisho apite.

Bwana Purvis aliziona taa mbili zikija polepole. Akamwona mjane. Hakuuliza kitu. Akabana mgongo ukutani, akamvua mwanawe gamba la kobe, lake akaliweka moyoni, na kwa mkono wa pili, ule wa kikombe, akaufungua mnyororo wa plastiki.

"Pole sana, mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Asante, baba. Asante sana."

Kuanzia hapo foleni ikafunguka kama zipu. Georgia ikasogea, Mississippi ikasogea, Tennessee ikasogea. Magamba ya kobe yakavuliwa moja baada ya jingine, na vipara vilivyokuwa vimejificha chini yake vikang'aa. Familia moja ya New Jersey, huko kaskazini, haikuelewa lolote. "Kuna nini?" baba yao akauliza, na bibi kizee wa Carolina akamjibu, "Kuna mtu amekufa, shika adabu," naye akashika. Hakuna aliyenung'unika kwamba amepitwa. Mwanamke mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa midomo iliyofungwa, wengine wakaupokea, na hata kile kioo cha bei kikaonekana kama kinaona haya, ingawa kilipandisha dola nne.

Corliss alikuwa ameanza mzaha. Karibu na ngazi akagundua kwamba mzaha umemtoroka mikononi, na kwamba uso wa huzuni aliouvaa haukuwa tena wa kuvaa.

Mbele, pale foleni mbili zinapokutana, alisimama kijana mwenye kimashine cha kusomea bangili. Beji yake ilisema Tobin, Ohio, na Ohio nako ni kaskazini.

"Samahani. Mna Sungura?"

"Tuna marehemu," Corliss akasema.

Tobin akatazama kimashine, kama huenda kina kitufe cha hilo. "Kwenye kopo mna nini?"

"Limeandikwa."

"Karanga za chumvi."

"Basi ndivyo lilivyoandikwa."

Kutoka upande wa kamba nyekundu, mwanamke mwenye bangili ya dhahabu akainua kifundo cha mkono juu. "Sisi tumelipia kutopitwa," akasema. "Nimelipia watu sita."

"Na mimi nimelipia watano," akasema bwana mmoja mnene nyuma yake, ambaye matamshi yake yalitoka Mississippi bila kuoga njiani. Alikuwa ameshavua kofia. Akatandaza mkono kuwazuia wanawe. "Simameni nyie. Kuna mazishi. Na wewe dada, shusha huo mkono, mama yako atazikwa siku moja."

Mwanamke akashusha mkono.

"Kweli ni mazishi?" Tobin akamuuliza Bibi, kwa sauti ndogo.

"Kijana, nina sura ya mtu aliyekuja kufurahi?"

Tobin akamtazama vizuri. Akafungua kamba.

"Umeona, Mama," Mjomba akanong'ona walipokuwa wakipanda boti. "Umewapita wote."

"Sikumpita mtu. Nimepishwa. Kupishwa na kuruka foleni ni vitu viwili, na kama hujui tofauti yake nilikulea bure."

Boti ikaingia gizani. Harufu ikawapokea kwanza: dawa ya maji, ukungu, na chini yake kitu kilichooza kwa subira. Maji yalikuwa ya buluu ya sabuni ya choo. Ndani yake ulielea mrija, soksi ya mtoto, na kitu ambacho Corliss aliamua kuamini kwamba ni soseji. Wakapita kona ya kwanza. Bibi akalichukua kopo, akalifungua, akaliinamisha magotini tayari.

Kona ya pili ikafika. Korongo wa mawe hakuwepo. Pale alipokuwa amesimama, wamechomeka kioo kikubwa kuliko vyote, kikiwaka katikati ya giza lile ambamo msichana mmoja alivishwa pete bila kuona uso wa anayemvisha. Kioo kilisema: UMECHOKA KUNGOJA? KESHO KUWA SUNGURA.

Bibi Verlene alikisoma mpaka mwisho. Kisha akarudisha mfuniko, akaubana kwa kiganja pande zote.

"Mama, haraka, kona inapita."

"Ipite."

"Tumetoka Alabama kwa ajili ya hii kona."

"Najua tulikotoka, Lamar."

"Baba alisema hapa."

"Baba yako alisema mahali aliponivisha pete. Mahali hapo pameshauzwa. Mazishi tumemfanyia kule juu, watu wasiomjua wamemvulia kofia, na hajapata kuzikwa mtu kwetu Andalusia kwa heshima kama ile. Hapa ni jalalani. Simwachi mume wangu jalalani."

Mwanga wa kioo uliwapaka nyuso rangi ya kijani kibichi.

"Tumpeleke wapi, Bibi?" Corliss akauliza.

"Nyuma ya ghala, kwenye shamba la karanga. Amelima pale maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia angoje wenye pesa wapite."

Kisha Bibi Verlene, mshiriki wa meza ya Bwana, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanamke ambaye hakuwahi kutema mate mbele ya watu tangu abatizwe, akainama ukingoni mwa boti na kutema. Mate yakaelea kidogo kwenye ile buluu, yakaikuta soksi, yakaambatana nayo kwenda gizani.