Harnam Anatafutiwa Ugenini

Mwaka 1991 Harnam Singh alirudi Kitale kununua nyumba, na serikali ikamwandika mgeni. Hakubisha. Pasipoti yake ilikuwa ya Uingereza, alikoendesha mabasi ya jiji tangu ujana mpaka mvi zikamjaa chini ya kilemba. Lakini alizaliwa Bungoma, nyuma ya duka la babake, na Kibukusu alikijua kabla ya Kipunjabi. Mkewe alipofariki, aliona kule hana tena wa kupiga naye soga. Akauza alichokuwa nacho, akanunua nyumba mtaani Matisi kutoka kwa Kemboi, polisi mstaafu, ambaye alijijengea nyingine pale pale ubavuni na kubaki jirani yake.

Binti yake Lajwanti, aliyebaki Uingereza, alikubali kwa sharti moja. Baba awe na bima ya matibabu, ile ya wageni wanaonunua nyumba nchi za nje. Akamkatia mwenyewe. Karatasi zilikuja nene, juu yake picha ya wazee wa Kizungu wakichekelea ufuoni, na Harnam akazitia kabatini bila kuzisoma. Na nani basi huzisoma?

Asubuhi moja, ngiri aliyokuwa akiibeba miaka na miaka ilimkaba. Kemboi alimkuta amejikunja jikoni, jasho likimtiririka, akampakia kwenye pikapu yake na kumkimbiza hospitali ya binafsi pale mjini. Daktari akamminya tumbo na kusema utumbo umenaswa, apasuliwe leo hii, ukioza hatapona. Akiba yote ya Harnam ilikuwa imeishia kwenye nyumba, na kwa bahati mbaya daktari wa upasuaji wa serikali alikuwa likizo. Ikabaki bima. Karani akampigia simu wakala wa kampuni, kijana mmoja aitwaye Bramwel, ambaye ofisi yake ilikuwa Bungoma, kisha akampa Harnam mkono wa simu.

"Pole sana mzee," Bramwel alisema. "Uko wapi?"

"Kitale."

"Na ile nyumba ulinunua iko wapi?"

"Si hapa hapa Kitale."

"Basi hatuwezi kukulipia. Bima yetu ni ya mtu akiwa ugenini. Wewe uko nyumbani."

Harnam alijikaza kisabuni. "Nilikatiwa hii bima kwa sababu mimi ni mgeni hapa."

"Ulikuwa mgeni mpaka siku uliponunua nyumba. Sasa ugenini kwako ni Uingereza. Ukiumwa huko tunalipa kila kitu." Bramwel hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likiudhi. Alitafuta njia kwa moyo safi kabisa. "Ama uje Bungoma. Hapa utakuwa safarini, hospitali iko na daktari anangoja. Ila usiwe na nyumba hapa, wala mzazi. Masharti yanasema pale penye nyumba ya mtu ama mzazi wake ni nyumbani."

Wazazi wa Harnam walikuwa wamefariki zamani, na duka liliuzwa. Kwa hiyo mtu mwenye hospitali mlangoni pake alilazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu, akapelekwa kuumwa kwingine. Kemboi aliendesha kwa kasi mpaka Kamukuywa, akapunguza kwa ajili ya mashimo, akaongeza tena, na kila shimo Harnam alimtaja Mungu kwa lugha tofauti. Aliogopa. Hakutaka kufa, hasa sasa ambapo alikuwa ameshapanda mahindi yake ya kwanza uani.

Walipofika Kanduyi, mlangoni mwa Bungoma, akagonga dirisha la nyuma. "Kemboi, kata kushoto. Nikamsalimie Mayi."

"Mayi gani? Tuko na haraka, bana."

"Nekesa. Siwezi kupita boma lake bila kusalimia. Nitamwambia nini akisikia?"

Nekesa alikuwa jirani yao enzi za duka. Mamake Harnam alipojifungua homa ilimlaza, maziwa yakakauka, na Nekesa, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, akawanyonyesha wote wawili na kumpa huyu wa kilemba jina la Wafula, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua. Tangu hapo Harnam alimwita Mayi, yaani mama, na kupita Kanduyi bila kubisha kwake ilikuwa ni kumtukana. Kemboi, ambaye naye asingethubutu kupita kwa mamake hivyo, akakata kushoto bila neno zaidi. Hivi ndivyo watu wawili wazima, wenye akili zao, walivyokwenda kuiharibu bima kwa adabu.

Mama mzee alitazama ndani ya pikapu, akasikia shida yenyewe, akafunga kitambaa kichwani na kupanda.

Bramwel alikuwa akiwangoja kwenye baraza ya hospitali, sweta imefungwa vifungo vyote. Machela ilikuwa tayari. Aliuliza swali moja tu, la kukamilisha utaratibu. "Mzee huyu ana mtu wake hapa Bungoma?"

"Ako na mimi," Nekesa akasema. "Mimi ndio mamake. Huyu nirimnyonyesha mimi mwenyewe, uriza mtu yeyote."

Bramwel alifunga faili lake polepole. Uso ulimshuka kwa huzuni ya kweli. "Basi hapa pia ni nyumbani."

Kemboi alianza kutapatapa. Akauliza kama Kachibora kungefaa. Harnam, akiwa amefumba macho, alisema Kachibora kuna familia iliyomlea miaka miwili ya shule. Lwakhakha je, mpakani? Huko alikuwa baba wa ubatizo wa mtu, Singh mzima, kanisani, kwa kuwa waliomwomba hawakuona tatizo. Katika nchi nzima aliyoandikwa mgeni, hawakupata mahali pa kumweka ugenini. Daktari akatoka, akamgusa tumbo, akasema wamalize mazungumzo yao upesi kwa sababu mgonjwa anakwenda.

Nekesa alimvuta Bramwel mkono. "Nikiwa si mamake, atapasuliwa?"

"Sasa hivi, kukhu," akajibu, kama anayeongea na nyanya yake.

Mama mzee akauachia mkono. Kisha akamtazama Harnam pale kwenye machela, toka kilemba hadi viatu, kama anayemwona mara ya kwanza. "Nirikosea," akasema. "Macho yangu yamezeeka. Huyu mimi simjui. Ni Muhindi tu."

"Mayi," Harnam akasema, "usiseme hivyo."

"Simjui," akarudia kwa ukali, akageuka na kuondoka barazani. Bramwel akatia sahihi haraka kabla hajafikiri, na machela ikasukumwa ndani. Maumivu ya ngiri Harnam alikuwa ameyastahimili tangu Kitale bila chozi. Sasa alilia hadharani, na wauguzi wakampa pole wakidhani ni tumbo.

Alipona. Lakini Bramwel alikuwa akipita wodini kila alasiri kuhakikisha mgeni wake bado ni mgeni, na mgeni halisi haletewi uji na mama wa Kanduyi. Nekesa hakukubali kushindwa. Alikuja saa za kutazama wagonjwa, akaketi kwenye kitanda cha pili, cha Ngari, dereva wa lori aliyevunjika mguu, akampa Harnam mgongo.

"Ulipokuwa mdogo uliugua surua," alimwambia Ngari, akimmiminia uji wa wimbi. "Nirikubeba mgongoni kwa mvua, siku mbili hukufungua macho. Niriogopa. Na juzi niriogopa vile vile."

"Mama, mimi ni wa Nyeri."

"Nyamaza, kunywa. Nusu umpatie huyo jirani yako."

Ngari alinyoosha mkono na kumpitishia Harnam kikombe. Bramwel ndiyo kwanza alikuwa ametoka, viatu vyake vikisikika bado barazani. Harnam alikunywa akitazama ukuta, mpaka chini.

Ngari alimtegea Nekesa sikio, akamgeukia Harnam. "Mzee," akanong'ona, "mamako anauliza kama umeshiba."

Harnam alifuta masharubu. Akashika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Mwambie bado," akasema.