Msalaba Ulioteremshwa

...na bado anasema, ewe Mola, binti huyu wa makumbusho ana pumzi kama mvukuto wa mhunzi, hamezi hata mate, tangu awasimamishe hapa mbele ya msalaba kama watoto wa shule ni yeye tu, "msanii huyu, ndugu wageni, alivunja makusudi uwiano wa mwili wa binadamu," msanii, marehemu angecheka, mtu aliyejiita seremala mpaka anaingia kaburini, "ndiyo maana mnaona kichwa ni kikubwa, paji limejitokeza, mikono imezidi miguu, yote hayo ni uzito wa mateso," mateso gani, mwanangu, mateso ni haya ya mjane wake kusimama na viatu vinavyobana na magoti yanayouma, kichwa ni kikubwa kwa sababu kilichongwa kikae juu, karibu na dari ya kanisa, kitazamwe na mtu aliyepiga magoti, na cha juu ukikitazama kutoka chini husinyaa, basi mumewe akakikuza kabla hakijasinyaa, hadithi imekwisha, amina, lakini hawa wamemteremsha, wamemweka juu ya kijukwaa kisichofika goti, uso wa Yesu sawasawa na uso wa mtu, taa wameilaza sakafuni inammulika puani, na yeye aliyekuwa akiwainamia waumini machoni sasa anakodolea viatu vya wageni, haya, na wale vijana wawili nyuma, mvulana na mpenzi wake, "Cheki kichwa, kama boga," "Shh, we, utasikika," "Si kweli? Fundi alianzia juu, mbao ikamwishia miguuni," wanacheka kwa pua, Mungu awasamehe, maana yeye mjane leo hawezi, na wifi yake hapa pembeni, dada wa damu wa marehemu, badala ya kuwageukia anajipepea na kunong'ona, "Ila wifi, tuseme ukweli, kaka yangu macho yalikuwa mabovu, nilimwambia avae miwani," "Nyamaza, wifi," "Nimenyamaza, nasema tu," amenyamaza huku anasema, ndiyo ukoo wao, na binti naye hamalizi, laiti angemaliza, maana akimaliza atamwita mbele, aseme kama msalaba unabaki hapa makumbusho au unarudi kanisani, paa jipya limekwisha, ukuta unasubiri, na padri amejivua jukumu, "Mama, kazi ni ya mumeo, wewe ndiye wa kusema," na neno lake analo, ametoka nalo nyumbani likiwa limeiva, mrudisheni juu, alikochongewa, basi, maneno mawili tu, lakini nani atayasikia na mtu kashika zamu ya kusema kama kashika kamba ya kengele, "...na tazameni nyusi zilivyo nzito," kama boga, kama boga... neno hilo kalisikia wapi, si leo, ni mezani, marehemu anaingia kutoka karakana, unga wa mbao umejaa nyusi, anakaa, hali, anazungusha kijiko, "Sura imetoka?" anamuuliza, "Limetoka boga," "Baba, usimtanie Mungu," "Simtanii, mke wangu, ni boga, lakini akipanda atapendeza," na yeye akacheka, akadhani ni unyenyekevu wa mafundi, angejuaje, karakana alikuwa haingii, msalaba ulifunikwa gunia, na siku ulipopandishwa alipiga magoti na wenzake, akatazama juu, akaona uso mzuri kuliko nyuso zote alizowahi kuziona, akarudi nyumbani mbio kumwambia, maana marehemu alikuwa keshalala kitandani, miguu imekwisha nguvu, "Imekaa?" "Imekaa, baba wee, imekaa," akafumba macho akacheka, akasema, "Na wewe nikikutazama kutoka huku chini, huna kasoro," mtu anakufa na bado ana utani, na hakuinuka tena, hakufika kanisani ila ndani ya jeneza, chini ya msalaba ule ule, kifuniko kimefungwa... kwa hiyo hakumwona, Bwana, hakumwona hata mara moja akiwa juu, yeye alimjua huyu tu, huyu wa hapa, paji hili, nyusi hizi, utosi huu wenye makovu ya patasi ambao hakuupiga msasa kwa sababu nani angeuona, msimu mzima wa mvua alisimama hivi, uso kwa uso na boga, akila chakula kikiwa kimepoa, akiamini kwamba mahali fulani ambapo yeye hayupo huyu ni mzuri, na mkewe miaka yote kapiga magoti mbele ya uso ule mwingine, huu hajawahi kuuona, hakuna aliyeuona ila yeye marehemu, na sasa watu hawa, na wale wawili wa nyuma, "Angalia pua sasa, ikiwa na taa," chekeni, wanangu, mwenyewe alitangulia kucheka, "Wifi, unalia?" "Taa hii," "Kweli, taa mbaya," na ajabu magoti hayamuumi tena, hajui yameacha lini, anasogea mpaka kamba nyekundu inamgusa tumbo, hapa, marehemu alisimama karibu hivi na uso huu, atarudi juu, ndiyo, amechongewa huko, lakini si kesho, wala si mwezi huu, mwacheni akae chini kidogo, "...na kabla sijamwita mama yetu atupe neno, ningependa mtazame vidole," binti ameinua mkono tena, ana mengi bado, vidole, mbavu, miguu, sema, mwanangu, sema, usimalize...