Waya Uliosokotwa Kushoto

Kifuniko cha klachi ya pikipiki kilipotoka, mafuta meusi yalichuruzika kwenye beseni, na kule ndani, kwenye boliti ambazo hazikuwa zimeguswa na spana tangu zifungwe, nikauona waya. Ulikuwa mwembamba, umepitishwa kwenye vitundu vya vichwa vya boliti na kusokotwa ili boliti zisilegee njiani. Karibu kila fundi ninayemjua husokota waya wa namna hiyo kwa kuuzungushia kulia. Huu ulikuwa umezungushiwa kushoto.

Nilicheka peke yangu mle karakana. Sikuhitaji kuuliza mtu. Kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwetu ilifungwa hivyo, bawaba ya geti ilikazwa hivyo, hata kamba za viatu vyangu vya shule zilifungwa hivyo, nami nikifika darasani kila mtu anashindwa kunifungulia. Mtaani walimwita Shoto. Mimi nilimwita baba.

Pikipiki yenyewe niliinunua kwa mjane wa mwalimu mmoja, bwana aliyeendesha polepole hadi wanafunzi wake walikuwa wanampita kwa baiskeli, tena wanamwamkia. Ilikuwa imetulia bandani chini ya turubai, rangi imefifia lakini mwili mzima. Niliitangaza, na mtu mmoja wa ng'ambo akajitokeza. Alikuwa mkusanyaji, na alikuwa na ugonjwa wake: alitaka tu zile zilizounganishwa hapa kwetu katika mwaka wa kwanza wa kiwanda. Alikuwa na swali moja, na alilirudia kila tulipozungumza. Iliundwa lini?

Swali hilo watu hulichukulia kirahisi. Wanadhani unatazama namba ya fremu, basi, umemaliza. Namba ya fremu inakueleza lini chuma kilitoka kwao. Pikipiki hizi zilikuja vipande vipande ndani ya makreti, zikaunganishwa hapa, na kreti liliweza kukaa stoo mpaka panya wakazaa na kujukuu humo. Kiwanda kilishafungwa zamani, jengo likawa ghala la magodoro. Kwa hiyo tarehe ilibidi itoke ndani ya pikipiki yenyewe, na kazi hiyo naiweza. Kanuni yake haina mambo mengi: pikipiki haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiungo chake kichanga kabisa. Nilisoma alama za kabureta, za ringi, za taa, za kila kilichomwagwa kwenye kalibu. Zote zilinifikisha mahali pamoja: mwaka wa kwanza, au wa pili. Hapo zikaninyamazia.

Sasa waya ukazungumza. Baba alikuwa mmoja wa mafundi waliofungua kiwanda kile, na katika mwaka ule ule wa kwanza, mama akiwa na mimba yangu, mashine ya kukunja bati ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi: mkono ukaumia, hakurudi tena, akawa mlinzi wa ghala mpaka akastaafu. Kama waya ni wake, basi ulifungwa kabla ya ajali. Na kama ulifungwa kabla ya ajali, ni mwaka wa kwanza. Hesabu ilikaa sawa kama kifuniko na sufuria yake.

Nilimwandikia mnunuzi nikiwa bado na mafuta kwenye vidole. Alijibu upesi: aliyeifunga akithibitisha kwa kauli yake mwenyewe, biashara imekamilika. Kwake lilikuwa jambo dogo. Hakujua kwamba tangu nifungue karakana, baba hakuwa amekanyaga pale. Mafundi wa mtaa wangu, wote wanaume, walinitania mimi mwanamke wakachoka wakanizoea. Baba hakunitania wala hakunizoea. Akinitembelea, alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara kunisubiri, kisha ananitazama mikono kwanza, uso baadaye. Iliniuma. Tena iliniuma sana, kwa kuwa kila mtu alinisifu isipokuwa yeye niliyetaka anisifu.

Nilimkuta sebuleni anatafuta stesheni kwenye redio yake. Mama alikuwa pembeni anashona kifungo.

"Baba, kuna kazi yako nimeiona leo."

"Kazi yangu? Mimi mlinzi mstaafu."

"Ya waya."

Akaizima redio. Nikamweleza yote, nikamwomba aje aone. Akasema, "Nitaona." Kwetu, baba akisema nitaona, mnatafuta njia nyingine.

"Nenda bwana," mama akasema bila kuinua macho. "Mtoto hajakuomba figo."

Asubuhi yake alikuja. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akasimama mlangoni kama mteja asiyejua bei. Nilitaka kumkimbilia, nikajikaza. Nilimpa kigoda, nikamwekea taa karibu. Simu nilikuwa nimeiweka tayari kurekodi, maana nilikuwa na hakika na jibu.

Aliinama. Akaupapasa waya kwa vidole vyake vitatu, taratibu, kuanzia boliti ya kwanza mpaka ya mwisho. Halafu akarudia.

"Ni wako?" nikauliza.

"Ni wangu."

"Basi ni mwaka wa kwanza! Nilijua tu. Sema hivyo hivyo nikurekodi."

Alivuta taa karibu zaidi.

"Njoo utazame hapa," akasema. "Mizunguko hii imebana. Hii imepwaya. Hii imebana tena. Nilipokuwa na vidole vyangu, waya wangu ulikuwa sawa mwanzo mpaka mwisho, ungedhani umetoka dukani. Huu ni wa baada, mama."

"Baada ya nini?"

"Ya mkono. Nilirudi."

Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Maisha yangu yote nilikuwa nimesimuliwa mtu ambaye hakurudi.

Alinieleza bila kunitazama. Nilikuwa naanza kutambaa wakati huo, kiwanda kiko mwaka wake wa pili. Aliomba arudishwe kwenye meza yake, wakamrudisha. Asubuhi mkono uliweza, mchana ukaanza kutetemeka. Hakuna aliyemsema. Lakini siku moja aligeuka ghafla akamwona rafiki yake, waliyeanza naye kazi, anapita nyuma yake na plaizi, anakagua kila waya alioufunga. Ambao haukumridhisha aliukata akaufunga upya.

"Alikuwa ananisitiri," baba akasema. "Alifanya kwa mapenzi. Mimi ndiye sikuweza kuvumilia. Niliweka plaizi zangu mezani nikaondoka. Nikamwambia mama yako tuseme sikurudi. Kusema nilirudi nikashindwa... hapana."

Nje, jirani alikuwa anagonga bati.

"Lakini huyo mnunuzi wako," baba akaendelea, "anataka mwaka wa kwanza. Nitasema ni mwaka wa kwanza. Nani atabisha? Kiwanda kimekufa, na mimi ndiye shahidi."

Nakiri wazo lilikuwa tamu. Lilikuwa na mnunuzi wake tayari, na kwake pia lingekuwa stara: hadithi ya nyumbani ingebaki vile vile, naye angebaki fundi ambaye waya wake haukuwahi kupwaya. Lakini mimi kazi yangu ni tarehe. Fundi anayepindisha tarehe kwa ajili ya mteja mmoja, wateja wengine wote wananunua uongo kwake. Sikusita.

"Hapana, baba. Ni mwaka wa pili. Nitaandika mwaka wa pili."

"Utampoteza."

"Aende."

Hapo ndipo nilipoinama tena kwenye taa, si kwa ajili ya mnunuzi, na nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu mwanzo.

"Huyo rafiki yako," nikasema, "alisokota upande gani?"

"Kulia. Kama watu."

"Na alipita kwenye kila waya wako?"

"Kila mmoja. Alikuwa mkali kwenye kazi, hana mchezo."

"Basi na huu aliupitia. Angeufunga upya, ungekuwa umezungukia kulia."

Baba aliweka kidole kwenye waya, akakitoa, akakirudisha.

"Aliuacha," akasema.

"Aliuacha. Na mwalimu akaenda nao kazini mpaka akastaafu."

Alikaa pale kwenye kigoda, mkono ule mbovu juu ya injini, na machozi yakamtoka bila sauti. Nikamshika bega. Sikuwa nimewahi kumshika bega baba yangu. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani, na nilimpenda kwa namna ambayo sijui kama niliwahi kumpenda kabla.

Mnunuzi nilimwandikia siku ile ile: mwaka wa pili, na sababu yake, bila kuongeza chumvi. Alishukuru kwa adabu akajitoa. Sikulala na njaa. Baadaye alijitokeza mwanamke mmoja wa nchi nyingine, yeye akitaka pikipiki ya kuendesha wala si ya kuweka chini ya kioo, na nilipompa tarehe aliipokea kama ilivyo. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba nisiukate ule waya. Nikamwambia hata angenilipa nisingeukata.

Mama nilipomuuliza kwa nini naye hakuniambia kuwa baba alirudi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowanisha.

"Mimi ndiye niliyekuwa namfunga kitambaa mkononi kila asubuhi. Lakini siri ilikuwa yake, si yangu."

Tangu hapo nimepima umri wa pikipiki nyingi, nyingine zimevuka bahari, na nikisema mwaka, watu hawaombi shahidi. Ile ya mwalimu ndiyo ninayoulizwa mara chache zaidi, na ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Siku tuliyoipakia kwenye kreti, baba hakuja kuiaga. Nilidhani yamekwisha, kwamba amerudi kwenye redio yake. Kesho yake nilifika karakana nikamkuta yuko ndani, amevaa ovaroli kuukuu ambalo sikujua kwamba alikuwa amelitunza, ameshavuta kigoda mbele ya injini niliyoiacha wazi jana yake. Hakunitazama mikono.

"Haya, fundi," akasema, "leo tunafungua nini?"