Ubeti wa Kaka

Ile bastola ya plastiki ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhania, na wepesi huo ndio uliomkata maini.

"Ielekeze kwenye kamera," mwongozaji wa kipindi alimwambia. "Watazamaji wanataka kuuona mtaa."

Wembe, kama walivyomwita vijana wa kwao kwa ukali wa mistari yake ya kufokafoka, aliutazama ukuta wa mbao uliopakwa rangi uonekane umechakaa, mapipa ya taka yasiyo na taka, na mkufu mzito waliomvika shingoni. Wimbo wake ulimhusu kaka yake, aliyepigwa risasi akitoka kazini. Ulishavuma kwenye simu za watu kabla televisheni hii haijajua kama yeye yupo.

"Lakini kaka yangu aliuawa kwa..."

"Najua, dada. Ndiyo maana itagusa." Mwongozaji alitupia saa jicho. "Wasanii wenzako wanasubiri nje."

Mama alishawaalika majirani waje kumtazama. Miaka yote amerekodi kajifunika blanketi ili kelele zisiingie. Leo mlango umefunguka, aufunge kwa mkono wake mwenyewe? Akaishika bastola. Akafoka mwanzo hadi mwisho, na chumba kizima kikampigia makofi.

Kisha wakamwonyesha kwenye skrini. Aliyesimama pale, shingo upande, mkono umenyooka, hakuwa yeye. Alikuwa yule mtu asiyejulikana aliyempiga kaka risasi, ambaye sura yake Wembe hujaribu kuiwazia kila akilala.

"Naomba turudie. Mikono mitupu."

"Hii imetutosha."

Jioni, sebuleni kwa mama hapakuwa na pa kuweka mguu. Wembe alikaa kwenye mkono wa kochi, akiomba umeme ukatike. Haukukatika. Ving'ora vililia, mtangazaji akamtaja "binti hatari kutoka mitaa ya damu," na bastola ikajaa kioo kizima. Ubeti wa kaka haukuwapo. Kilipita kiitikio, likaja tangazo la soda.

Jirani mmoja alianza kupiga makofi, akauona uso wa mama, akayakatiza.

"Ndio wimbo wenyewe huo?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Wameukata, mama."

"Na hicho cha mkononi?"

Majibu yalikuwapo: ni cha kuchezea, walinishurutisha, ndivyo biashara ilivyo. Aliyaacha yote.

"Nilikishika mwenyewe."

Mama aliizima televisheni. Mtu akakohoa.

"Hicho kipande walichokikata," mama alisema polepole, "mimi sijawahi kukisikia."

Ilikuwa kweli. Wembe alikuwa amewafokea wageni wa kila namna mistari yake, lakini mbele ya mama ulimi wake ulikuwa mzito siku zote. Wembe akasimama. Mdundo haukuwapo, wala kipaza sauti. Akaanza kwa sauti ndogo, pale kaka anapocheka akifunga kamba za viatu. Mama akaukamata ukingo wa kiti. Wembe akasita, asijue kama aendelee.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.