Kuku wa Idi ya Tatu

Siku ya tatu ya Idi, saa nne asubuhi, Mkahawa wa Tembo Mpole, ndani ya bustani ya wanyama, ulikuwa na vyakula ishirini na vinne ukutani, kila kimoja na picha yake. Ilipofika saa sita vilibaki viwili. Vingine vyote vilikuwa vimebandikwa karatasi iliyoandikwa "Samahani, kimekwisha". Karatasi zenyewe zilikuwa nadhifu, zimechapwa kwa rangi. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mkahawa ule ulikiandaa mapema kwa ajili ya sikukuu.

Bu Partinah, yaani Mama Partinah kwa lugha ya kwao, alizisoma zote, kwa kuwa muda alikuwa nao. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya kuagiza. Baada ya hiyo ilikuwapo foleni ya kulipia, na baada ya kulipia foleni ya kuchukua sahani. Aliyepanga utaratibu ule bila shaka alikuwa anakula kwao.

Kuleta chakula kutoka nyumbani kulikatazwa. Langoni palikuwa na kibao kikubwa: "Chakula cha nje hakiruhusiwi, kwa usalama wa wageni wetu." Kwa hiyo sufuria yake ya kuku wa tui, ambaye mtaani kwake watu humsifia hata akiwa hayupo, ilibaki jikoni kwake imefunikwa.

Na leo ndiyo siku aliyoihitaji sufuria hiyo kuliko zote. Meza namba tisa alikuwa ameketi Bu Hapsari kutoka Semarang, mama yake Danang, na Danang anataka kumuoa Wening, binti pekee wa Bu Partinah. Wazee walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza. Mwanamke wa Kijava wa tabaka la Bu Hapsari hakuulizi nyumba yako ina vyumba vingapi. Anakula chakula chako, anatabasamu, anakwenda kwao, na jibu unalipata baada ya wiki mbili kupitia kwa shangazi wa mtu.

Wening alikuwa amemuonya mama yake tangu juzi.

"Mama, wakikuuliza kazi, sema upo Idara ya Lishe. Ishia hapo hapo. Ukianza kuwaeleza habari za kukatakata nyama ya kuwalisha simbamarara, mimi nahama mji."

"Si ndiyo lishe yenyewe?"

"Mama! Nakuomba."

Kwa miaka ishirini na miwili Bu Partinah alikuwa mpishi wa wanyama katika bustani hiyo hiyo. Alichagua bustani iwe mahali pa kukutania kwa sababu Mbah Sastro, babu yake Danang, mzee wa miaka themanini na mmoja, alitamani kuwaona tembo. Mkahawani Bu Partinah mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Watu wa jiko la wanyama hawakuruhusiwa, ati wasilete harufu; leo aliingia kama mgeni wa kulipa.

Sasa, Wajava wana adabu yao. Ukipita mbele ya watu unainama, unashusha mkono wa kulia, unaomba radhi kwa sauti ndogo, na hakuna mwenye moyo wa kukuzuia. Ni adabu nzuri sana msibani. Kwenye foleni ya Idi ni silaha. Mwanamke mmoja mnene alikuja ameinama vizuri, mkono umeshuka, uso umejaa unyenyekevu.

"Samahani Bu, naomba kupita tu."

"Karibu. Unapita kwenda wapi?"

"Mbele."

Akapita kwenda mbele, akasimama, akajinyoosha, akaagiza sahani saba. Bu Partinah alihesabu watu kumi na mmoja waliompita kwa unyenyekevu wa namna hiyo. Moyo ulimchemka, lakini kila alipofungua kinywa aliikumbuka meza namba tisa, akasema, "Haya, pita tu, baba."

Mezani nako mambo hayakuwa shwari. Familia ya watu tisa ilikuwa imesimama nyuma ya viti, imeshikilia migongo ya viti, inasubiri meza iachwe. Mkubwa wao, bwana mmoja aliyevaa shati la batiki lililokaza tumboni, aliinama sikioni kwa Bu Hapsari.

"Mnakaribia kumaliza, Bu?"

"Hata hatujaanza."

"Haidhuru, msijali. Sisi tutasubiri hapa hapa."

Wakaendelea kumpumulia kisogoni. Bu Hapsari alikaa wima na nguo yake ya hariri, akijipepea kwa karatasi ya orodha ya vyakula, kwa kuwa matumizi mengine ya orodha ile yalikuwa yamekwisha. Wening alimgeukia Mbah Sastro.

"Mbah, una njaa?"

"Mimi? Hapana, mjukuu wangu. Nimeshiba upepo."

Mzee alikuwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri.

Saa nane kasoro Bu Partinah alitokea na sinia, jasho limemlowesha mpaka ushungi. Kuku wa kukaanga na wali, sahani tano. Wali ulikuwa mkavu juu na bwabwa chini, na matango yalikatwa membamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Kuku alikuwa mweusi kama aliyekaangwa jana, akapumzika, akaitwa tena kazini leo.

"Aa, kumbe chakula kizuri hivi," akasema Bu Hapsari, akichokoa wali kwa kijiko.

"Kitamu sana, Mama," akasema Danang, ambaye alikuwa bado hajaonja.

"Samahani kwa kuwachelewesha," akasema Bu Partinah.

"Hata hukuchelewa! Wala hatukuona muda ukipita."

Wote wakatabasamu. Mbah Sastro akashika paja lake la kuku kwa vidole, akalinyanyua kuelekea kinywani.

Hapo Bu Partinah akaona alama. Juu ya paja, chini ya ule weusi wa mafuta, palikuwa na mikato miwili iliyopishana. Akatazama sahani ya Bu Hapsari: mikato miwili. Ya Danang: mikato miwili.

Mikato ile ni ya kisu chake mwenyewe. Kila alfajiri yeye na daktari wa wanyama hupokea nyama, huinusa, huibonyeza, huitazama. Kuku aliyeharibika humkata mapaja alama ya kupishana, kwa sababu zamani muuzaji alikuwa na mazoea ya kuondoka na kuku waliokataliwa na kuwarudisha kesho yake wakiwa na barafu mpya. Asubuhi ya leo alikuwa amekataa makreti manne, yananuka. Muuzaji alikuwa ameondoka bila kulalamika, hata alimtakia Idi njema, na yeye akadhani mtu yule amestaarabika.

Kumbe gari lilikata kona tu, likaenda jiko la mkahawa.

Akimuacha mzee ale, siri yake iko salama, adabu iko salama, na posa huenda ikapita. Tumbo la mzee wa miaka themanini na mmoja ndilo litakalolipa. Wening alikuwa amemuona mama yake akibadilika uso, akatikisa kichwa taratibu: usithubutu.

Bu Partinah akanyoosha mkono, akampokonya mzee paja la kuku mdomoni.

Kijiko cha Bu Hapsari kikaanguka. Katika mji ule, kumpokonya mzee chakula ni jambo ambalo hata kichaa hulifikiria mara mbili.

"Msile!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mbah, nisamehe, unipige ukitaka, lakini usile. Kuku huyu nimemkataa mimi asubuhi. Ameoza."

"Umemkataa wapi?" Bu Hapsari akauliza polepole.

"Jikoni kwa wanyama. Mimi ndiye mpishi wao. Hii alama nimeikata kwa kisu changu. Nilimkatalia simbamarara asimle, sasa nitakaaje kimya ninyi mkimla?"

Wening akafunika uso kwa mikono.

Foleni ya kuagiza ikatazama foleni ya kulipia, foleni ya kulipia ikatazama foleni ya sahani. Bu Partinah akadhani watu watakimbia. Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti.

"Kwa hiyo tunasogea au hatusogei? Nimesimama hapa saa mbili nzima mimi!"

Wakasogea. Mwanamke mmoja tu aliondoka, na nafasi yake ikazibwa kabla hajageuka.

Meneja, Pak Hernowo, akaja mbio ameinama, mkono umeshuka, tabasamu tayari. Aliwapa kila mmoja fomu ya maoni yenye picha ya tembo. Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: Nzuri, Nzuri Sana, na Bora Kabisa.

"Bu Partinah," akanong'ona, "sisi hapa ni familia moja. Mambo ya ndani unayaletaje mbele za watu siku ya kusameheana?"

"Nitakusamehe, Pak. Kwanza mwaga hao kuku."

Bu Hapsari alikuwa ameshanyanyuka. Alimshika baba yake mkono, akatoka bila kuaga, Danang nyuma yao. Bwana wa batiki akakalia kiti kabla hakijapoa, akavuta sahani karibu, akamtazama Bu Partinah kwa heshima zote.

"Na wali je, Bu? Wali nao una alama?"

Nje, njia ya kuelekea langoni, Wening alitembea hatua kumi mbele ya mama yake, analia kwa hasira. Bu Partinah hakumlaumu. Alijua amemvunjia mtoto nyumba kabla haijajengwa, na alijua pia kwamba angerudishwa pale mezani angefanya vile vile. Yote mawili yalimuuma.

Karibu na lango Bu Hapsari akasimama, akamgeukia. Tabasamu la mezani halikuwapo tena usoni.

"Harusi ya mdogo wangu tulialika watu mia sita," akasema. "Mpishi wa kukodi alituletea nyama inayonuka. Mimi niliisikia harufu kabla ya mtu yeyote. Nilikaa pale na dhahabu zangu nikasema tamu sana. Watu arobaini walilazwa zahanati, na mama yangu alikuwa mmojawapo. Hakurudi nyumbani."

Mbah Sastro alitazama chini.

"Pole sana, Bu," akasema Bu Partinah.

"Basi mpishi wa harusi mtafute umtakaye. Lakini alfajiri ya siku hiyo nyama yote ipite kwako, na kisu kiwe mkononi mwako. Utakachokikata alama, hakiliwi, hata wageni wakilala njaa."

"Harusi?" Bu Partinah alishika chuma cha lango. "Harusi ipi, Bu?"

"Kwani tumesafiri kutoka Semarang kuja kutazama nyani?"

Bu Partinah alitaka kujibu kwa adabu, kama inavyopasa mbele ya mkwe. Adabu haikuja. Alilia kwa sauti pale langoni, watu wa Idi wakipita na mabaluni yao, na Wening akarudi zile hatua kumi akikimbia.